Rafiki wa njia akifa, deni linabaki



Kwenye matanga tunasikia kila mara: "Hatutamsahau." Ni neno jema. Lakini tujiulize: kutomsahau mtu ni kufanya nini? Ni kulia tu, ao kuna kazi ndani yake?

Wanaosukuma kinga kati ya Kasenga na Lubumbashi, njia ya karibu kilomita 200, wanajua. Mmoja analeta samaki wa Luapula, mwingine makala. Hakuna anayependa kwenda peke yake. Aliye mbele anachagua njia kati ya mashimo. Aliye nyuma anaona kamba inayolegea, ambayo mwenye mzigo hawezi kuiona. Wakifika mlimani wanaacha kinga moja chini, wanasukuma nyingine wote wawili, kisha wanarudi kuchukua ya pili. Hivyo kila mmoja anapanda mlima mara mbili: mara moja kwa ajili yake, mara moja kwa ajili ya mwenzake.

Rafiki yangu tuliyemzika alipanda hivyo pamoja nami miaka mingi. Kila mara alisema tuanze na kinga yangu.

Matanga yalipokwisha, watu wa ukoo walitaka kuchukua kinga yake. Wakaniambia: "Wewe ni rafiki tu, hapa wanasema watu wa damu." Neno hilo lina uzito, kwa kuwa ukoo ndio unaobeba maiti na madeni. Lakini mimi nilijua wasilolijua: nusu ya feza ya kinga ile ilitoka kwa mke wake, aliyeuza samaki sokoni. Nilikuwapo siku ya kuinunua. Nikasema niliyoyaona. Wengine hawajafurahi hata leo.

Je, rafiki ana haki ya kusema? Hana haki ya kurithi kitu chochote, na ndiyo sababu ushuhuda wake una nguvu: hatafuti faida. Damu inatoa urithi. Njia inatoa ushahidi. Anayejua akanyamaza anamzika mwenzake mara ya pili. Sheria ya Familia ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inaweka watoto mbele katika urithi, na mjane pia ana sehemu yake. Lakini sheria haiji yenyewe mpaka matangani. Inahitaji mtu wa kusimama na kusema.

Mfalme Daudi alimlilia Yonathani kwa maombolezo makubwa. Angeweza kuishia pale. Lakini baadaye aliuliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli, amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Akaletwa Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kilema wa miguu. Akarudishiwa mashamba ya Sauli, akala mezani pa mfalme. Machozi yalimfariji Daudi mwenyewe. Mashamba yalimlisha mtoto.

Basi, ndugu, ukifiwa na mwenzako wa njia, usihesabu machozi. Uliza: watoto wanakula nini? Mjane analala wapi? Nani anajua deni alilodaiwa, na deni alilodai? Kama unajua, sema mbele ya wazee, kwa upole, kabla mali haijagawanywa.

Mlima wake ungalipo, na mzigo wake uko chini. Tushuke tuuchukue.