Je, Kutafuta Tiba ni Kukosa Tawakali?

Wapo wasemao kwamba saratani ni kudura, basi kwenda hospitali ni kukosa tawakali. Lakini mtu huyo huyo akiona njaa hula, wala hangoji kushibishwa na kudura!

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo karibu daima huletwa na virusi, ikigunduliwa mapema huweza kuponywa kwa upasuaji au mionzi. Ikichelewa, mara nyingi hubaki kutuliza maumivu tu. Je, aliyeweka nguvu katika dawa si Mungu yule yule?

Mtume s.a.w. alifundisha ngamia afungwe kwanza, kisha Mungu ategemewe. Basi mgonjwa apimwe, atibiwe, na aombe. Akifariki baada ya juhudi hiyo, hapo ndipo tuseme: ni kudura.