Unga wa Jina Moja

Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula Kongowea, Mombasa, alikuwa hanunui unga wa sima ila wa chapa moja. Duka la jirani likiishiwa, aliufuata mbali, na ukipanda bei kuliko wenziwe hakuuliza. "Unga huu haujaniangusha," alizoea kusema, na kweli sima yake ilikuwa nyeupe, laini, haina madonge.

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, likasimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa kuwa na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wake ulikuwamo. Muuza duka akamwambia, "Mamangu, huo tumeuondoa." Akakasirika. Ameula tangu aolewe, udhuru leo? Akatafuta hadi akapata duka la uchochoroni lililobakisha mzigo, akanunua bela zima, pakiti 12 za kilo mbili, kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo mapenzi ya chapa yanapomponza mtu. Jina la kwenye pakiti ni lile lile, lakini mahindi ya ndani hubadilika kila shehena. Yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri, unyevu ukazidi asilimia 13.5, ukungu huota na kuacha sumukuvu. Haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiwa kidogo huumiza ini kwa miaka bila mwenyewe kujua. Ikiwa nyingi huua upesi: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo kula jana na kuamka salama si ushahidi wa lolote.

Wateja wake, wengi wao wachukuzi wa sokoni, waliziona zile pakiti nyuma ya jiko. Wakahama mmoja mmoja. Bela likaishia jaani, naye akachagua chapa nyingine na kuiapia vile vile. Januari 2020 ikatoka orodha nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, na chapa yake mpya ikawamo.

Sikatazi mtu kushikamana na sabuni anayoipenda. Isipotoa povu ataona siku hiyo hiyo, na hasara yake ni mche mmoja. Unga haumwonyeshi mlaji kasoro yake, na anayelishwa nao ni mtoto.

Basi ukiwa Kenya, kabla ya kulipa geuza pakiti. Tazama tarehe, tafuta alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Andika SM#, ifuatishe namba hiyo, utume kwenda 20023 ujue kama kibali kingali hai. Fanya hivyo hata kwa unga uliokulia nyumbani kwenu.