Nani Alikuwa wa Kwanza Kileleni?



Sisi tunaoishi chini ya Kibo tumezoea kusikia kwamba wa kwanza kufika kileleni ni Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Jambo hilo ni kweli, wala hatulikani. Lakini yatupasa kujiuliza: neno hili "wa kwanza" lamfunika nani?

Mwaka 1887 Meyer alipanda, barafu ikamrudisha. Aliporudi mwaka 1889 alipanga kambi mlimani, wapagazi wakawa wakipandisha chakula kutoka Marangu. Katika kambi ya juu, penye baridi kali, alikaa Muini Amani, mtu wa Pangani, akilinda vitu na kuwangoja wale wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huku Marangu husimuliwa kwamba kiongozi wao alikuwa kijana Yohani Kinyala Lauwo. Mzee huyo aliheshimiwa katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, akafariki mwaka 1996.

Wako wasemao, basi na tuandike kwamba Lauwo naye alikanyaga kilele siku ile. Meyer katika kitabu chake hasemi hivyo, na haki haihitaji kuegemea jambo lisilothibitika. Tena tukisema kwamba ni lazima mtu awe amefika juu kabisa ndipo apewe heshima, je, hatujakubali kipimo kilekile kilichomsahau Muini Amani? Yeye hakufika kileleni, wala hakudai. Alikesha kwenye baridi ili wengine wafike.

Basi twaona hivi: nafasi ya kwanza ni ya wachache, na iandikwe kwa ukweli. Lakini shukrani si nafasi ya mashindano. Kumpa huyu hakumpunguzii yule.

Hayo si mambo ya kale tu. Hata leo vijana wetu wa Moshi, Marangu na Machame hupanda na mizigo ya wageni, nao mlimani huitwa wagumu. Mgeni hushuka na cheti chenye jina lake. Mgumu hushuka akingoja ujira wake. Ndugu, tulio na kazi ya kuwaajiri, je, twawajua kwa majina? Na ujira wao, twaulipa kamili, na kwa wakati?