Wali na Chawa Ulyankulu

Asubuhi, mwalimu wa mazoezi aliyepangiwa Ulyankulu, mkoani Tabora, anaingia kidato cha kwanza na andalio la somo lililopigwa mistari kwa rula. Chuoni aliambiwa Kiingereza ni lugha ya pili. Hapa, kwa wengi, ni ya tatu: nyumbani Kirundi, Kinyamwezi au Kisukuma, shule ya msingi Kiswahili, na sasa, ghafla, karibu masomo yote kwa Kiingereza.

Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa machafuko ya Burundi ya 1972, katika nchi iliyokuwa ya mtemi Mirambo. Kirundi huegemea r, Kinyamwezi l. Basi mwanafunzi akitamka wali kwa Kiingereza, rice, wenzake husikia lice, chawa. Kicheko!

Mwalimu anayeanza kuiva huacha andalio mezani, akawapanga wanafunzi wawili wawili, wa r na wa l, wasahihishane.

Nyerere, aliyefundisha St. Mary's Tabora miaka ya 1940, naye alitoka nje ya ratiba: baada ya kazi aliwafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Msimamizi kutoka chuoni huenda akakata alama kwa andalio lililoachwa. Azikate tu, wale wawili wawili bado wanabishana.