Je, Kila Kosa ni Kasoro?

Sisi walimu tumezoea kusahihisha kila herufi iliyokosewa. Lakini maumbile hayana msahihishaji mkamilifu: chembehai inaponakili maandishi ya urithi, herufi moja huweza kubadilika. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa Kenya, alionyesha kuwa badiliko moja la namna hiyo, liletalo selimundu, humkinga mtoto aliyelirithi kwa mzazi mmoja asizidiwe na malaria. Ndiyo maana limeenea na kudumu katika nchi zenye malaria. Lakini aliyelirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Basi ngao ya huyu ndiyo maumivu ya yule. Maumbile huchagua kifaacho, hayajui haki. Kumtendea haki mgonjwa ni wajibu wetu binadamu.