Dawa ya Kwapa ya Nyumbani na Amana ya Mwenye Kuitengeneza

Katika miaka hii imeenea katika miji yetu ya pwani desturi ya watu, khasa wanawake na vijana, kujitengenezea nyumbani dawa za kwapa, mafuta ya nywele, sabuni na vipodozi vya uso. Maelekezo huyapata katika simu, na vitu vyenyewe huvipata jikoni au katika duka la viungo na mitishamba: mafuta ya nazi, wanga, bekingi soda, ndimu, karafuu na shabu. Wengine hutengeneza kwa haja zao wenyewe, na wengine wameifanya biashara, wakatia katika vichupa na kuwauzia majirani.

Wasomaji wetu wametuuliza maswali mawili. La kwanza: je, kilichotengenezwa nyumbani kwa vitu vya asili ni bora kuliko kilichotoka kiwandani? La pili: mtu akiuza kichupa chake, kikamdhuru mnunuzi, naye hakukusudia ila kheri, je, ana lawama? Maswali haya yaonekana madogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa, nalo ni wajibu wa mtu kulijua lililo kweli kabla ya kulitenda, na kabla ya kuwaambia wenzake walitende.

Yatupasa kusema kwanza kuwa jambo hili si geni kwetu. Bibi zetu walisaga liwa, wakachanganya singo, wakafunga vikuba vya asumini na mrihani, wakafukiza nguo kwa udi juu ya chetezo. Hina ilitwangwa uani. Hapana aliyengojea meli ilete manukato ndipo anukie. Basi mwenye kudhani kuwa kujitengenezea ni uzushi wa wageni, huyo hakuikumbuka nyumba aliyolelewa. Wala sisi hatuoni ubaya katika mtu kuutumia mkono wake, kupunguza gharama na kujua ni kitu gani alichojipaka. Ubaya huingia pale jina linapokaa mahali pa hoja, mtu akaulizwa, "Una hakika gani kuwa hiki ni salama?" naye akajibu, "Ni cha asili," kana kwamba amekwisha jibu.

Hebu tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Jasho la mwanadamu linapotoka halina harufu kubwa. Sehemu yake iliyo nyingi ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili. Lakini kwapani mna tezi za namna nyingine, zianzazo kazi mtu anapobaleghe, nazo hutoa umajimaji wenye mafuta na protini. Juu ya ngozi huishi vijidudu viitwavyo bakteria, navyo ndivyo vinavyoula umajimaji huo vikaacha harufu tuijuayo. Kwa sababu hiyo dawa za kwapa ni za namna mbili. Namna ya kwanza hupunguza vijidudu au huifunika harufu, na jasho huliacha litoke. Namna ya pili huyaziba kwa muda matundu ya jasho kwa chumvi za alumini, na jasho lenyewe hupungua.

Mchanganyiko wa nyumbani wa nazi, wanga na bekingi soda ni wa namna ya kwanza. Mafuta ya nazi yana asidi iitwayo lauriki, ambayo hudhoofisha baadhi ya vijidudu. Wanga hunywa unyevu. Na bekingi soda hupunguza ukali wa harufu. Basi si uongo kusema kuwa unafaa, na wako watu wengi ambao umewafaa. Lakini mwenye kuuza akimwahidi mnunuzi kuwa jasho litakatika, ameahidi lisilokuwamo katika kichupa.

Ama kuhusu wajibu, harufu ya mwili si jambo la mtu peke yake, kwani jirani yake katika safu ya sala na katika matatu ana haki ndani yake. Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe. Na imepokewa kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka vitongoji vya Madina, wamejaa vumbi na jasho la kazi, naye akawahimiza kujitwaharisha kwa siku hiyo. Tazama namna alivyofanya. Hakuwafanyia mzaha kwa jasho lao, wala hakuwaambia kuwa kazi zao ni za aibu. Aliwaelekeza kwenye maji, na maji hupatikana kwa tajiri na kwa maskini. Huo ndio msingi: kuoga, kuondoa nywele za kwapa, kubadili nguo. Dawa ya kwapa, iwe ya kiwandani au ya nyumbani, ni nyongeza juu ya msingi huo.

Wafanya biashara walishika njia nyingine. Mwaka 1919, katika gazeti la wanawake la Marekani liitwalo Ladies' Home Journal, lilitokea tangazo la dawa ya kwapa iitwayo Odorono. Tangazo lile liliwatia wanawake khofu kuwa yamkini wananuka wala hawajui, na kuwa watu huwakimbia bila ya kuwaambia. Wasomaji kiasi cha 200 walikasirika wakaliacha gazeti, lakini mauzo ya dawa yalizidi zaidi ya mara 2, yakafika dola 417,000 mwaka 1920. Tangu hapo wauzaji wengi wamejua kuwa khofu huuza kuliko sabuni.

Leo wauzaji wa vitu vya asili nao wameishika njia ile ile, ila khofu yao ni nyingine. Huwaambia watu kuwa alumini iliyomo katika dawa za kiwandani huleta saratani ya matiti. Wataalamu waliolichunguza jambo hili hawakupata dalili madhubuti ya kulithibitisha. Mwenye maradhi makubwa ya figo ndiye apasaye kumwuliza daktari wake kabla ya kuitumia, kwani figo ndizo ziitoazo alumini mwilini. La ajabu ni kuwa muuzaji huyo huyo humkabidhi mnunuzi kipande cha shabu, akisema kuwa hiki ni jiwe la asili lisilo na alumini. Nayo shabu yenyewe ni chumvi ya alumini! Hatusemi kuwa shabu ni mbaya, maana imetumika tangu kale. Twasema kuwa mtu ameikimbia alumini kwa jina lake la Kizungu, akaipokea kwa jina lake la Kiswahili, naye hakujua alichokimbia wala alichopokea.

Na vitu vya asili vidhuruvyo ni vingi. Ndimu ni tunda la Mungu, na watu wengi huikata wakajipaka. Lakini mna ndani yake vitu ambavyo vikibaki juu ya ngozi na jua likavipiga, ngozi huungua, ikatoka malengelenge na kisha madoa meusi yakaayo wiki nyingi. Kwapa limefichika, lakini maji ya ndimu hutiririka mpaka mkononi, nao mkono huliona jua. Magadi ya Ziwa Magadi ni ya asili, na mtu asiyejua huyadhania kuwa ni sawa na bekingi soda. Wenye elimu ya kemia wana kipimo cha 0 mpaka 14: ngozi yetu ni karibu 5, bekingi soda ni karibu 8, na maji ya magadi hufika karibu 10. Kila nambari moja katika kipimo hicho ni mara 10 ya iliyo kabla yake. Basi hata bekingi soda huwawasha wengi, khasa walionyoa siku hiyo hiyo, sembuse magadi. Wanja wa jiwe nao ni wa asili, lakini aina nyingine zimepatikana kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto kidogo kidogo bila ya mtu kuona.

Pia kutengenezwa nyumbani si dalili ya usalama. Mkorogo wa kujichubua hukorogwa nyumbani. Piko nyeusi wapakwayo maharusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye dawa iitwayo PPD, ambayo Ulaya imeruhusiwa kwa kipimo katika nywele wala haikuruhusiwa kupakwa juu ya ngozi. Na aliyedhurika nayo mara moja huenda asiweze kuigusa tena maisha yake yote.

Hapa atainuka mtu aseme: "Wazee wetu wametumia vitu hivi miaka na miaka, na viwanda ndivyo viongo." Neno hili lina pande mbili. Kuhusu viwanda, ni kweli kuwa navyo hudanganya. Mafuta mengi ya kujichubua yaliyotiwa zebaki yalitoka viwandani, hata mataifa yakafanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017, na ndani yake mna katazo la vipodozi vya namna hiyo. Lakini uongo wa kiwanda hauwi ukweli wa jikoni. Na kuhusu wazee, elimu yao ilikuwa ni ya kipimo: bibi alijua singo hukaa mwilini muda gani, na karafuu hutiwa kiasi gani, kwani alimwona mamaye akifanya mbele ya macho yake. Maelekezo ya simu si ya wazee. Mwingine huyaandika katika nchi ya baridi, ambako mafuta ya nazi huganda. Kwetu huyeyuka, maana nyuzi 24 za joto zatosha kuyayeyusha, nasi joto la Mombasa ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Tena hata la wazee hupimwa, kwani desturi peke yake si hoja. Na wanja wenye risasi ulipakwa kwa mapenzi.

Tumepata khabari ya binti mmoja katika mji wetu aliyenunua kichupa cha namna hii siku chache kabla ya arusi ya nduguye. Kwapa likawasha, likavimba, likachubuka. Alipomrudia muuzaji aliambiwa kuwa ule ni uchafu wa dawa za zamani unaotoka, basi avumilie na azidi kupaka. Binti akavumilia, na arusi ikampita akiwa kitandani. Neno la "uchafu unatoka" limeenea sana, nalo halina asili. Kwapa si njia ya mwili kutoa sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Ngozi iwashayo na kuchubuka inasema kuwa imedhurika, na dawa yake ya kwanza ni kuacha.

Sasa twalijibu swali la pili. Mwenye kujitengenezea na kujipaka mwenyewe, jambo lake ni baina yake na mwili wake, nao mwili ni amana vilevile. Lakini mwenye kumpa mwenzake amevuka mpaka. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kujitia katika utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu hiyo, hudhamini madhara yatokanayo na mkono wake. Nasi twaona kuwa mwenye kusema "hiki hakidhuru" na "zidi kupaka" amejiweka mahali hapo hapo. Nia yake njema humwondolea dhambi ya kukusudia, lakini haimwondolei dhamana ya alilolifanya. Ama aliyetaja kila alichotia, akaonya, akaambia watu waache wakiona mwasho, huyo hata akitokea mmoja wa kudhurika, lawama yake ni khafifu au haipo, kwani mnunuzi alichagua kwa kujua. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna unyevu, alimwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kichupa kisichoandikwa kilichomo ni kama rundo lile.

Kwa hiyo twawanasihi mama zetu, dada zetu na vijana wanaoifanya kazi hii, nayo ni kazi ya halali, washike mambo machache. Waandike juu ya kichupa vyote walivyotia, na siku waliyotengeneza. Bekingi soda iwe kidogo, na mwenye ngozi nyepesi atengenezewe isiyokuwa nayo. Mafuta makali ya karafuu yasipakwe matupu, bali yachanganywe matone machache katika mafuta mengi. Kitu chenye maji ndani yake, kama utomvu mbichi wa mshubiri, kitengenezwe kidogo na kitumike upesi, kwani vijidudu huzaana humo hata kabla harufu haijabadilika. Na kila mwenye kutumia kipya akijaribu kwanza mahali padogo upande wa ndani wa mkono, mara 2 kwa siku, kwa siku 7 hata 10. Kisipomdhuru ndipo akipeleke kwapani, wala asipake alipokwisha kunyoa.

Nawe mnunuzi una wajibu wako: uliza, na usione haya kuuliza. Muuzaji mwema hufurahi kuulizwa, kwani humpa nafasi ya kutimiza amana yake. Na anayechukia kuulizwa amekwisha kukujibu. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.