Taharuki na Hukumu: Mtazamaji wa Diani Mbele ya Sinema ya Uvamizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea neno taharuki kiasi cha kutoliuliza tena maswali. Katika vitabu vya mihadhara huorodheshwa pamoja na vipengele vingine vya fani, mahali fulani kati ya msuko na mandhari, na kuelezwa kuwa ni ile hamu ya msomaji kutaka kujua litakalotokea. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi, na kwamba ndani ya taharuki mna hukumu ya kimaadili ambayo mtazamaji huitoa kabla hajatambua kuwa ameitoa. Mfano wetu si riwaya wala tamthilia bali ni sinema, tena sinema za aina ambayo idara zetu huzidharau: zile za viumbe wa sayari nyingine wanaokuja kuivamia dunia. Mahali petu ni Diani, pwani ya kusini ya Kenya, au kwa usahihi zaidi Ukunda, mji ulio nyuma ya hoteli za ufuoni, ambako wengi wanaozihudumia hoteli hizo huishi, hulala na hutazama sinema.

Mwandishi wa makala haya aliitazama Independence Day, sinema ya Roland Emmerich iliyotolewa mwaka 1996, katika kibanda kimoja cha video cha Ukunda mwanzoni mwa mwaka 1997. Kibanda kilikuwa cha mabati, na joto lake halina haja ya kuelezwa kwa aliyewahi kuketi chini ya mabati pwani. Deki ilikuwa moja, na televisheni iliinuliwa juu ya meza ili walioketi nyuma nao waone. Kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala, hata vyombo vya wavamizi vilipotanda juu ya miji, ilitulazimu kukisia ukingo wa chombo uliishia wapi na wingu lilianzia wapi. Hakuna aliyelalamika. Watu walipiga kelele, wakawaonya wahusika kuhusu hatari iliyo nyuma yao, wakabishana juu ya nani atakufa. Wakongwe wa kibanda waliwatuliza wageni wa sanaa hiyo kwa kanuni moja tu, kwamba stelingi hafi. Ikulu ya Marekani ilipolipuliwa, kibanda kizima kilishangilia. Nami nilishangilia.

Kelele hizi zina historia ndefu ya kufasiriwa vibaya. Jaribio la sinema za elimu lililoendeshwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, na baada yake kile kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, yalijengwa juu ya imani kwamba Mwafrika hutazama picha kwa namna yake peke yake. Kwa imani hiyo, Mwafrika alihitaji picha za polepole zisizo na hila za kamera, kwa kuwa hatenganishi kivuli na kitu. Wakati huohuo, Wazungu walikuwa na ngano yao wenyewe kuhusu watazamaji wa Paris waliokurupuka vitini walipoliona garimoshi la ndugu Lumière likiwajia. Wanahistoria wa sinema sasa wanaishuku ngano hiyo. Vivyo hivyo inashukiwa ile habari ya taifa zima la Marekani kukimbia ovyo usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alipoisimulia redioni hadithi ya uvamizi wa watu wa Mirihi. Hofu ilikuwako, lakini magazeti yaliikuza. Mtazamaji mjinga, inaonekana, siku zote ni mtu mwingine. Ama ni babu, ama ni mshamba, ama ni mtawaliwa.

Kinyume cha imani hiyo kimo ndani ya sinema zenyewe. Katika Signs ya M. Night Shyamalan (2002), ambayo kwa taharuki inaipita mbali ile ya Emmerich kwa sababu inamficha mvamizi karibu muda wote, kuna mandhari ambapo kijana Merrill anatazama habari kwenye televisheni. Picha zimepigwa Brazili, katika sherehe ya watoto, na watoto wamemzibia njia ya kuona. Merrill anawapigia kelele wapishe. Anazungumza na kioo! Sijapata kusoma mhakiki aliyesema kuwa mtu huyu wa Pennsylvania hajui televisheni ni nini. Wote tunaelewa kwamba hofu imemtoa mtu adabu ya ukimya. Basi mvuvi wa Diani anayefanya lilelile kibandani anapunguziwa akili kwa hoja gani? Pamoja na hayo, mvuvi huyo ana utamaduni ambamo kumnyamazia msimulizi ni kumkosea heshima; asiyeitikia pakawa huhesabiwa amelala.

Mwanafalsafa Kendall Walton, katika makala mashuhuri ya mwaka 1978, alimbuni mtazamaji aitwaye Charles ambaye anaona ute wa kijani ukimjia kutoka kwenye skrini. Charles anatetemeka, lakini hakimbii wala hapigi simu polisi. Walton anahitimisha kwamba Charles haogopi hasa, bali yumo katika mchezo wa kuogopa. Hoja hii ina nguvu, na inamkinga mtazamaji wetu dhidi ya Sellers: anayebaki kwenye benchi la kibanda ameshajua tofauti ya picha na kitu. Hata hivyo inaacha jambo moja bila kuguswa. Kama ni mchezo, nani alizigawa nafasi za wachezaji? Nani aliamua kuwa ute ndio adui?

Hapa ndipo ufafanuzi wa Noël Carroll unapotufaa zaidi. Kwa Carroll, taharuki haizaliwi na kutojua tu. Huzaliwa pale ambapo tokeo linaloonekana la haki ndilo lisiloelekea kutokea, na tokeo la uovu ndilo linalokaribia. Ushahidi wa jambo hili tunao hapa kwetu. Wale wafasiri wa sinema tuwaitao madijei, ambao DJ Afro ndiye mashuhuri kuliko wote nchini Kenya, humwaga maelezo ya Kiswahili juu ya sauti ya filamu na mara nyingi hutangulia kutaja kitakachotokea. Kwa maelezo ya vitabu vya mihadhara, taharuki ingepaswa kufia hapo. Haifi. Watu hutazama sinema ileile mara ya tano, wakijua kila pigo, na bado pumzi zinawakatika. Kinachowashika si hamu ya kujua bali kumjali mtu. Lakini ili nimjali mmoja kwa namna hiyo, sharti niwe nimeshakubali kwamba mwingine hastahili kujaliwa. Taharuki haiipimi haki. Inaikuta imekwisha kugawanywa, kisha inaipigisha moyo.

Tuitazame tena Independence Day kwa jicho hili. Mvamizi anapata nafasi moja tu ya kusema. Rais anamuuliza wanataka wanadamu wafanye nini, naye anajibu kwa neno moja kwamba wafe. Baada ya hapo Rais analinganisha jamii nzima ya viumbe hao na nzige. Hatukuhitaji zaidi. Ukiambiwa mtu ni nzige, umeshaambiwa la kufanya, na muda uliobaki wa sinema ni wa kungoja tu lifanyike. Kibandani hakuna aliyeuliza iwapo katika vyombo vile mlikuwa na watoto. Nakiri kuwa swali hili lilinijia miezi kadhaa baadaye, na halikuletwa na sinema.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, polisi wakauawa na silaha zikaibwa. Katika siku na majuma yaliyofuata mashambulizi yalienea kusini hadi Diani na sehemu nyingine za Kwale. Waliolengwa ni watu wa bara, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, wengi wao wakiwa wameishi pwani muda mrefu au hata kuzaliwa huko. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na makumi ya maelfu wakakimbia. Wengi walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Baadaye Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi jinsi vijana walivyokusanywa na kulishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo. Kwa asili yake kaya ya Wamijikenda ni boma la kukimbilia, mahali pa kujificha na wavamizi. Kwamba ni hapo walipotoka watu wa kuwashambulia majirani zao kwa jina la wavamizi, ni jambo ambalo kila nikilifikiria linanishinda kulikalia kimya.

Mwenye kibanda chetu alikuwa mtu wa bara. Kibanda kilifungwa Agosti ile, naye sikumwona tena.

Sitaki kueleweka kuwa nasema sinema ilisababisha lolote. Chanzo cha mambo ya mwaka 1997 ni siasa za mwaka wa uchaguzi, pamoja na dhuluma ya kweli ya ardhi. Wadigo wa Diani waliona viwanja vya ufuoni vikigeuka hatimiliki za watu wasiowajua, na manung'uniko hayo hayakubuniwa na mchochezi yeyote. Linalonishughulisha ni umbo. Vikaratasi vilivyosambazwa kuwataka watu wa bara waondoke vilikuwa na umbo lilelile la msuko: mgeni asiyepewa kauli, wingi wake usiohesabika, na siku inayokaribia. Mwenye hatimiliki ya kiwanja cha ufuoni hakuhusika katika hadithi hiyo, kwa kuwa hakuja na taharuki yoyote. Alikuja na wakili. Aliyehusika ni muuza mboga wa Likoni. Kiswahili chetu kina neno moja, mgeni, kwa asiyejulikana na kwa anayekaribishwa, na tunajivunia methali kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Vikaratasi vilihitaji nusu moja tu ya neno hilo.

Je, fani hii yaweza kugeuzwa? H. G. Wells alijaribu tangu mwanzo. Katika The War of the Worlds (1898), kabla Wamirihi hawajatua, anawakumbusha Waingereza jinsi Wazungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania, na kuuliza kwa kweli tunalalamikia nini. Waigizaji wake wengi wameufuata moto wa Wamirihi na kuliacha swali. Neill Blomkamp alilirudia katika District 9 (2009), iliyowekwa Johannesburg, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Mei 2008 dhidi ya wahamiaji nchini Afrika Kusini. Humo viumbe wa anga ndio wakimbizi, nasi tunatetemeka kwa ajili yao. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini kadiri inavyomrudishia ubinadamu kiumbe wa anga ndivyo inavyowavua Wanijeria wa ndani yake, ambao ni majambazi na wala watu, hata serikali ya Nijeria ikataka isioneshwe nchini humo. Yaelekea taharuki ikinyimwa adui mmoja humtafuta mwingine aliye karibu.

Kuhusu ile shangwe yetu ya Ikulu kulipuka, niliitetea kwa miaka kadhaa kama kicheko cha wanyonge. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, waliokufa walizidi 200 na wengi mno walikuwa Wakenya. Utetezi wangu haukupata kusimama vizuri baada ya hapo, ingawa bado sidhani kwamba waliokuwa kibandani walimtakia mtu yeyote kifo.

Hivi karibuni niliitazama Signs pamoja na vijana wa ukoo wetu huko Ukunda, safari hii kwenye simu iliyoegemezwa kikombe cha chai. Mvamizi alipoonekana anaungua kwa maji, walicheka mpaka simu ikaanguka: viumbe wasioweza kugusa maji wametua kwenye sayari ambayo zaidi ya theluthi mbili ya uso wake ni bahari! Hewa ya chumvi ya Diani tu ingewamaliza, alisema mmoja. Vicheko vilipotulia, binti mdogo kuliko wote aliuliza kwani wale walikuja kutaka nini. Tulirudisha picha nyuma kutafuta jibu. Lipo, lakini ni mambo yaliyosikiwa redioni, kwamba walikuja kuwachukua watu. Hakuna aliyewauliza wenyewe. Binti akasema, "Basi ni maneno ya watu tu," akaenda kulala.